Nyumba Njema si Mlango

Watalii wanaofika Lamu hupiga picha milango. Husimama katika vichochoro vya Mkomani, wakasubiri punda wapite, kisha wakaielekeza kamera kwenye nakshi za mlango wa mbao ambao aghalabu umefungwa. Picha hizo zimejaa katika kalenda na katika kuta za hoteli. Wahenga waliposema kwamba nyumba njema si mlango hawakuishia hapo. Waliongeza kuwa fungua uingie ndani. Nusu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwani nyuma ya mmojawapo wa milango hiyo, kaskazi ikiwa inakaribia kwisha, walikutana watu 11 wa ukoo mmoja ili waamue kama nyumba yao iuzwe, ibomolewe, au iachwe isimame mpaka siku itakapoanguka yenyewe.

Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha bara. Hakuwa na sehemu katika mirathi ile. Alikuwapo kwa kuwa bibi yake, mwenye kuishi katika nyumba hiyo tangu azaliwe, alimtaka aandike yote yatakayosemwa.

"Wewe ndiwe msomi wetu, mwanangu," bibi alimwambia usiku wa kuamkia kikao. "Andika kila neno. Wasiye wakasema kwamba mimi sikusema."

Nyumba yenyewe si kubwa kwa kipimo cha majumba ya Mkomani. Mgeni hupokewa na daka, ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe pande mbili, ambapo wanaume huketi jioni. Akivuka mlango huingia tekani, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu ili mwanga na hewa vishuke. Sabule iko kando ya kiwanda, mgeni alale pasi na kuwaona wanawake wa nyumba. Kutoka hapo huanza misana miwili, wa tini na wa yuu kama wasemavyo wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, huu ukiwa umeinuka kuliko ule kwa kipandio kimoja. Kisha huja chumba kiitwacho ndani, jina lake ni hilo tu, chenye ukuta wa vidaka vilivyopambwa kwa nakshi ya chokaa. Nyuma kabisa, gizani, ndiko kwenye nyumba kati. Humo ndimo wanawake wa ukoo walimojifungulia, na humo ndimo maiti wa ukoo walimooshewa. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, wala si kwa ajili ya urembo: dari hukalia boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haimudu kuvuka nafasi inayozidi kama mita 3 hivi. Msitu wa pwani ndio uliovipima vyumba vya Lamu.

Binti aliyajua maneno haya yote kabla ya kujua kusoma. Alipofika chuoni aliyakuta upya, mengine yakiwa ndani ya mabano na tanbihi, katika somo la ushairi wa kale. Vidaka alikutana navyo kwenye mhadhara kuhusu Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoyaomboleza majumba yaliyoachwa ya Pate. Mhadhiri alipouliza kama kuna aliyewahi kuviona, mkono uliopanda ulikuwa mmoja. Wenzake, wengi wao watoto wa miji iliyojengwa juzi, walimtazama kama mtu aliyetoka ndani ya kitabu. Hakufurahi. Alijua kwamba wakati ule ule alipokuwa ameinua mkono, vidaka vya kwao vilikuwa vimeanza kumeguka, na vile vitatu vya juu vilikuwa vimejazwa saruji na fundi wa bei rahisi.

Saruji hiyo inastahili maelezo. Kuta za Lamu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nazo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akipiga lipu ya saruji juu yake, ukuta hupendeza mwaka mmoja au miwili, kumbe unyevu na chumvi vimefungiwa ndani. Baada ya hapo lipu huvimba, ikabanduka pamoja na kipande cha jiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema kila mtoto wa shule ya msingi katika insha yake, hata methali imechakaa. Wenye nyumba za matumbawe wana sababu ya kuitilia shaka, maana wapo walioziba ufa na wakaupoteza ukuta kwa sababu ya hicho walichozibia.

Kikao kilianza baada ya sala ya alasiri, katika msana wa yuu. Hesabu ya mirathi ndiyo iliyosomwa kwanza. Nyumba ilikuwa ya mama yake bibi, mjane aliyeacha watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamume hupata mafungu mawili pale mwanamke anapopata moja. Kwa hiyo nyumba ina mafungu sita. Ndugu watatu wa bibi wamekwisha kufariki na mafungu yao yameteremkia kwa watoto, saba huku, wanane kule, na watatu kwa yule dada. Ukimjumlisha bibi, nyumba ina wenyewe 19. Bibi, ambaye hajawahi kulala mahali pengine isipokuwa alipokwenda kuhiji, anamiliki fungu moja katika sita.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya utamaduni hulitaja kwa fahari na kulipita upesi. Katika ada ya Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake makazi alipomwoza, na mume ndiye aliyehamia. Ikiwa hapakuwa na kiwanja, ghorofa iliongezwa juu ya nyumba ya wazazi, au chumba kikarushwa juu ya kichochoro kukutana na nyumba ya pili. Chumba hicho ndicho kiitwacho wikio. Ghorofa ya juu ya nyumba hii iliongezwa na baba yake bibi kwa ajili ya arusi yake. Mashahidi wa hiba hiyo wote wamo makaburini, na karatasi haikuandikwa. Ada ilimpa ghorofa nzima. Karatasi imemwachia fungu moja.

Aliyeanza kusema ni mpwa mkubwa, mtoto wa kaka yake bibi, aliyesafiri kutoka Mombasa. Binti alimwita mjomba, na alimpenda, jambo lililomtatiza sana siku hiyo.

"Shangazi, sikuja kukufukuza," alisema. "Heshima yako iko juu ya kichwa changu. Lakini mimi nina watoto watano katika vyumba viwili vya kupanga huko Mikindani, na hapa nina fungu langu. Nitalila vipi? Nije niulambe ukuta?"

Rai yake ilikuwa kwamba nyuma ya nyumba pabomolewe, kuanzia kiwandani hadi nyumba kati, na pajengwe vyumba vya kupangisha, ghorofa tatu za zege. Wapangaji hawatakosekana. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilianza kazi Mei 2021 huko Kililana. Serikali ya kaunti imekuwapo tangu 2013 na ina wafanyakazi wake. Watu hawa wanalala wapi? Mji mkongwe una takriban hekta 16, na hauongezeki. Mjomba huyu hakuwa adui wa turathi. Alikuwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi huku akiwa na nyumba.

Mtu mmoja alimkumbusha kwamba kibali hakitapatikana. Mji mkongwe ulitangazwa kuwa eneo la uhifadhi mwaka 1986. UNESCO iliuorodhesha katika Turathi za Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo na maeneo yaliyotangazwa. Zege la ghorofa tatu katikati ya Mkomani halitapita.

"Basi tungoje," mjomba alijibu. "Masika mawili tu. Dari ya nyuma itashuka yenyewe, na kuta zitaifuata. Mvua haishtakiwi."

Binti aliiandika sentensi hiyo, akaipigia mstari. Kwa hakika ndiyo iliyokuwa ya kweli kuliko zote zilizotamkwa alasiri ile, na ndiyo inayopaswa kuwanyima usingizi watunga sheria za uhifadhi. Sheria huweza kumzuia mtu asibomoe. Kumfanya atengeneze ni kazi nyingine, hasa ikiwa hana fedha, au ana fedha na wenzake 18 hawataki kuchanga. Nyumba nyingi za kale hazifi kwa nyundo. Hufa kwa tundu moja darini ambalo hakuna anayejiona kuwa ndiye wa kuliziba, mpaka boriti inaoza na siku moja watoto wanaambiwa wasicheze tena upande ule.

Wala umaarufu wa jengo hauzuii. Mwalimu mmoja mstaafu, mkwe wa ukoo, alitoa mfano wa Beit al-Ajaib ya Unguja. Jumba hilo lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, likasifika kote katika mwambao kwa ukubwa na kwa taa zake za umeme. Halikuwa la maskini wala la wagombea mirathi. Lilikuwa mali ya serikali, katikati ya mji unaotambuliwa na dunia nzima. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Ukarabati uliofadhiliwa na Oman ulipoanza, jengo lilikuwa limekwisha kuchoka, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, watu wawili wakafa. "Kama lile lilianguka," mwalimu alisema, "hili letu nani atalisikia likianguka?"

Rai ya pili ililetwa na dalali, ingawa dalali mwenyewe alikuwa na adabu ya kutokuja. Kulikuwa na mnunuzi kutoka Ulaya. Huyu hakutaka kubomoa hata jiwe. Alitaka mafundi wa chokaa, boriti mpya, nakshi zirudishwe kama zilivyokuwa, na alikuwa tayari kuyalipia hayo yote juu ya bei ya nyumba. Kwa mizani ya uhifadhi pekee, mtu huyo alikuwa jibu. Nyumba kadhaa za Lamu na za Shela zilizonunuliwa hivyo zimesimama leo, imara na nyeupe, na mafundi wengi wa mji wamepata riziki na ujuzi katika kuzitengeneza. Anayewabeza wanunuzi hao na aonyeshe kwanza dari yake.

Hata hivyo bibi aliuliza swali moja. "Atalala hapa siku ngapi?"

Ikasemwa kwamba wiki sita kwa mwaka, labda nane.

"Na siku zilizosalia?"

Zilizosalia atakuwapo mlinzi, na wageni wa kukodi wakipatikana. Bibi akanyamaza. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wapo majirani wake ambao hawajaamkiwa kutoka dirisha la pili tangu nyumba hiyo iuzwe. Mtaa huwa mtaa kwa chumvi inayoazimwa na kwa kifo kinachopewa mkono. Na fedha za wageni wenyewe si nguzo ya kuegemewa: baada ya utekaji wa mwaka 2011 katika visiwa hivi, mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, na maradhi ya korona mwaka 2020, hoteli zilifungwa na mashua zikalala pwani.

Binti alitarajiwa kuwa upande wa uhifadhi. Mtu anayesoma Kiswahili atakosaje kuitetea nyumba ya Kiswahili? Lakini alipokuwa akiandika aligundua kwamba hoja aliyoizoea chuoni, ile ya mwacha asili ni mtumwa, haikuwa na pa kusimama katika msana ule. Asili ipi? Nyumba aliyoketi ndani yake haikuwa imejengwa siku moja. Ghorofa yake ya juu ilikuwa nyongeza. Mfereji wa maji na nyaya za umeme ni nyongeza. Hata madirisha ya upande wa kichochoro yalitobolewa baadaye. Lamu iliyoorodheshwa na UNESCO ni matokeo ya vizazi vya watu waliojenga juu ya paa la baba zao kila binti alipoolewa. Ikiwa uhifadhi maana yake ni kuisimamisha nyumba katika mwaka mmoja na kuikataza kuongezeka, basi huenda huko nako ni kuacha asili, japo kwa mlango mwingine. Ngome ya mji ule ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Ikaja ikawa gereza mpaka 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Imeishi kwa kubadilishiwa kazi. Jengo lisilo na kazi hata likiwa zuri huanza kuvuja.

Lakini upande wa pili nao hakuweza kuukubali, na sababu yake aliiona ya aibu kidogo kuitamka mbele ya mjomba mwenye watoto watano. Sababu yenyewe ilikuwa maneno. Vyumba vya zege vya kupangisha huitwa namba moja, namba mbili, namba tatu. Havina tekani wala msana. Mtoto atakayelelewa humo hatasema amemwacha nana yake msanani, kwa kuwa hatakuwa na msana, na neno lisilo na mahali pa kuketi huhamia kwenye kamusi, likakaa huko na kifupisho cha "kale" mbele yake. Ni kweli kwamba hakuna anayekula neno. Ni kweli pia kwamba taifa hili hulipa wahadhiri na kuchapisha majarida ili maneno kama hayo yasipotee, na halijawahi kumlipa bibi yeyote gharama ya boriti.

Naye mzee wa mtaa, aliyealikwa awe shahidi, alitaja wakfu. Si jambo geni: mababu waliotaka nyumba isiuzwe waliiwekea wakfu, na misikiti ya mji huu imeendeshwa kwa njia hiyo tangu zamani. Nyumba ya wakfu haigawanywi wala haiuzwi; ni sheria ya uhifadhi iliyotangulia zile za serikali kwa karne nyingi. Rai hii ilisikilizwa kwa heshima na ikafa kwa upole. Wakfu huhitaji wote watoe, na mwenye vyumba viwili vya kupanga hatoi. Tena wakfu usio na pato nao huvuja kama nyumba nyingine.

Mpaka magharibi kilichoafikiwa kilikuwa kidogo. Nyumba haitauzwa bibi akiwa hai. Sabule na tekani zitakodishwa kwa fundi cherehani, naye atapitia daka bila kugusa ndani. Kodi yake igawanywe kwa mafungu, ila theluthi iwekwe kwa ajili ya paa. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba suala la nyuma lirudiwe mwakani. Wawili kati ya wale watatu wa dada hawakukubali lolote, wakaondoka kuwahi mashua ya Mokowe kabla ya kahawa kumiminwa.

Kodi ya fundi cherehani haingefika kabla ya masika. Binti alikuwa na sehemu ya mkopo wake wa masomo ambayo ingelipia chumba cha muhula ujao, na asubuhi iliyofuata alikwenda na fundi mwashi kutafuta boriti. Huko nako palikuwa na kisa. Boriti huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na hupangwa kwa unene, tangu fito na pau hadi mazio, boriti na nguzo. Marufuku ya kukata miti iliyotolewa Februari 2018 iliugusa mkoko pia, kabla ya kulegezwa kwa ajili ya Lamu, na tangu hapo wakataji hutazamwa kwa jicho kali. Mkoko una haki yake: ndio unaozuia mmomonyoko na ndimo samaki wanamozalia. Kwa hiyo wapo wanaohifadhi msitu na wapo wanaohifadhi nyumba, na boriti moja inawagombanisha. Muuzaji hakuwa tayari kuvunja korija. Fundi alimsihi mpaka akatoa boriti 9, za unene usiolingana, na punda wawili wakazibeba.

Dari ilikuwa inahitaji 14. Fundi alizipanga zile 9 kiwandani, akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akatenga mbili ambazo hakuzipenda. Binti akafungua daftari lake la muhtasari upande wa nyuma, akachora dari na kuuliza waanzie wapi. Fundi alishauri ndani, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na vidaka na ndiko wageni wangetaka kuona. Binti akaafiki.

Bibi alikuwa ameketi kwenye msana wa tini, akichambua mchele.

"Anzani nyumba kati," alisema pasi na kuinua uso. "Vidaka vitangoja. Nyumba kati nina haja nayo."